Ripoti moja, kila mtu na yake

Kikao kilikuwa kimeshaanza na mimi niko zangu kwenye kona na laptopu, sina ninachosubiri kwa sababu kazi yangu kwenye vikao vile ni kukaa stendibai tu projekta isije ikagoma. Meneja wa kanda ya kaskazini akasema, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa tangu usiku, kwamba robo hii kanda yake ndo imeibeba kampuni. Mwenzake wa kusini akacheka.

"Umebeba kampuni gani, ndugu yangu? Hebu ona hapa." Akageuza laptopu yake watu waone. Kusini, mchango kwenye mauzo ya kampuni: asilimia 100.

Wa kaskazini naye akageuza ya kwake. Asilimia 100.

Ripoti ile ile, ukurasa ule ule, rangi zile zile nilizozichagua mimi mwenyewe.

Watu wote wakanigeukia.

Nikajibu kitu kama "hiyo itakuwa ni filta, nitaiangalia", kikao kikaendelea, wakahamia kwenye bajeti, na nadhani kufikia mchana kila mtu alikuwa ameshasahau isipokuwa mimi. Ni wiki ya saba sasa na bado naliwaza lile jambo. Kwa sababu nilirudi mezani kwangu nikakagua fomula moja moja na hakukuwa na kosa. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi kama nilivyokipanga. Wa kaskazini haoni hata mstari mmoja wa data ya kusini, na wa kusini vivyo hivyo. Sasa ukimfungia mtu mistari yote isiyo yake, halafu ukaiambia programu igawanye mauzo yake kwa mauzo ya kampuni, kwake yeye kampuni ni ile anayoiona. Yake gawanya kwa yake, moja, asilimia 100.

Hesabu sahihi kabisa, na uongo mtupu.

## Nilivyoifunga

Walio kwenye kazi hizi wanajua tulikotoka, yaani faili moja kwa kila kanda. Kanda nne, faili nne, ukirekebisha fomula kwenye moja unasahau kwenye nyingine mbili, mwisho wa mwezi kila kanda ina tafsiri yake ya neno "mauzo". Kwa hiyo siku niliyoruhusiwa kuziunganisha zote ziwe ripoti moja ya Power BI, ile programu ya Microsoft ya kutengenezea ripoti na dashibodi, yenye sheria ya nani anaona mistari ipi, yaani ile tunayoita RLS, nilifurahi kama mtu aliyelipwa deni.

Na utaratibu wenyewe ni mwepesi mno, hapo ndo mtego ulipo. Unakuwa na jedwali dogo la kolamu mbili, imeili na kanda. Unaandika fomula isiyojaza hata mstari mmoja inayouliza aliyelogini ni nani, ile USERPRINCIPALNAME, inamtafuta kwenye jedwali, inachukua kanda yake, inakata kila kitu kingine kabla hakijamfikia. Hiyo "kabla" ndo yenye maana. Kuficha ukurasa siyo kufunga, na kumwekea mtu filta kisha ukaificha filta siyo kufunga, mtu mwenye udadisi kidogo na kitufe cha kuhamishia Excel atakuonyesha. Lazima data ikatwe kwenye mzizi. Wazo lenyewe ni la zamani kwenye programu za hifadhidata, Oracle walikuwa nalo tangu toleo la 8i mwaka 1999, na mwaka 2016 PostgreSQL 9.5 na SQL Server wote wakatoka nalo, sisi wa dashibodi tumelikuta tu.

Nikaijaribu, nikaona mistari inapungua, nikaipeleka kazini. Nilijiona fundi kwelikweli.

## Fundi haoni

Sasa hiki ndicho kilichonisumbua kuliko asilimia zenyewe.

Kwenye Power BI ile sheria inawabana watu wenye ruhusa ya kutazama tu. Ukiwa na ruhusa ya kuhariri kwenye eneo la kazi, uwe admini, memba au mchangiaji, sheria inakupita pembeni, unaona vyote. Siyo Power BI tu, hata kwenye PostgreSQL mwenye jedwali anapita isipokuwa umemlazimisha naye afuate, na yule mtumiaji mkuu wa mfumo haguswi kabisa. Ina mantiki, lazima awepo mtu wa kuona vyote ili atengeneze. Lakini maana yake ni kwamba kwa mwaka na zaidi watu zaidi ya 60 walikuwa wanaangalia ripoti ambayo mimi, niliyeitengeneza, sijawahi kuiona.

Mimi nilikuwa naona kampuni nzima. Asilimia zangu zilikuwa nzuri, 31, 27, 24, 18, zinajumlika vizuri, grafu ina umbo. Nilikuwa naipenda ile grafu.

Mtaniambia kuna kitufe cha kutazama kama mtu mwingine. Kipo, nilikitumia siku ile ya kwanza. Ila nilikitumia kama askari wa getini. Nilikuwa naangalia kama kuna kitu kimevuja, nikaona hakijavuja, nikafunga. Sikukaa nikasoma kilichobaki kinasema nini.

Kulikuwa na vichekesho vingi kwenye kilichobaki. Ukurasa wenye kichwa "Ushindani wa kanda" ulikuwa na mhimili mmoja tu, umesimama katikati peke yake. Jedwali la "kanda tano za juu kwa ukuaji" (sijui kwa nini niliandika tano wakati tuna nne) lilikuwa linampongeza kila meneja kwa kushika namba moja. Mwaka mzima kila mmoja wao ni namba moja. Sasa nikawa najiuliza ni vikao vingapi watu wameingia wakijiamini kwa sababu yangu, na ni nani alipunguza juhudi kwa sababu ripoti ilimwambia hana mpinzani.

Nikagundua na lingine. Kuna jamaa mmoja miezi minane nyuma aliniomba abadilishe rangi za chati zake, nikaona kunisumbua kwa kila rangi ni kazi, nikampa ruhusa ya kuhariri. Kwa hiyo miezi minane alikuwa anaona kanda zote. Hakusema neno. Kimya chake nakielewa, hata mimi ningenyamaza.

## Dada aliyesubiri barua

Nikaamua nipite jina kwa jina. Siyo kwa sampuli, wote, jioni mbili, nafungua ripoti kwa macho ya kila mtu na kuisoma kama yeye. Kwa jina la 40 na kitu nikakuta ukurasa mweupe. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna alama nyekundu. Chati zipo, vichwa vipo, ndani hamna kitu.

Kesho yake nikampigia.

"Dada, samahani, hivi ripoti ya mauzo kwako inafunguka vizuri?"

Akanyamaza kidogo. "Inafunguka. Ila haina kitu."

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita, mwanzoni mwanzoni."

"Sasa dada, mbona hukusema?"

"Kaka, mimi nilijua nimeshaondolewa. Nikasema ngoja nisubiri barua."

Sikujua nijibu nini.

Kilichotokea ni kitu kidogo mpaka kinatia aibu. Aliolewa, akabadilisha jina, watu wa mifumo wakambadilishia imeili, na jedwali langu la kolamu mbili likabaki na ile ya zamani. Fomula ikamtafuta, haikumpata, ikamkatia kila kitu. Na hapo tena kila kitu kilifanya kazi kama kilivyopangwa. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa kompyuta, Saltzer na Schroeder, waliandika kwenye kanuni zao za ulinzi wa taarifa kwamba hali ya kawaida iwe ni kunyimwa, na ruhusa ndiyo itolewe kwa sababu. Nakubaliana nao mia kwa mia. Mfumo ukichanganyikiwa ni heri ufunge kuliko ufungue. Niliwahi kushawishika kufanya kinyume, usiku mmoja kabla ya kikao cha wakurugenzi, bosi mpya haoni kitu na simu inaita kila dakika tano, nikaandika kabisa ile fomula ya "asiyekuwepo kwenye orodha aone vyote", nikaiangalia, nikaifuta, nikamwongeza kwa mkono. Hilo sijutii.

Lakini ukurasa mweupe mimi niliusoma kama "kosa la jedwali" na yeye aliusoma kama taarifa kutoka kwa kampuni. Mtu aliyefungiwa haoni kufuli, anaona utupu, na utupu kazini una maana nyingi na nyingi ni mbaya. Wiki tano yule dada alikuwa anaingia asubuhi, anafungua ripoti, anaona hayupo, anafanya kazi yake na kurudi nyumbani. Nilikuwa namsalimia kila siku kwenye ngazi.

## Kolamu mbili zisizo na mwenyewe

Baada ya hapo nikataka kujua lile jedwali ni la nani. Nikamfuata mkuu wa mauzo, akasema hayo ni ya mifumo. Wa mifumo wakasema wao wanatengeneza akaunti tu, nani anaona nini ni suala la utumishi. Utumishi wakauliza ripoti gani hiyo.

Kwa hiyo ni langu. Mimi ambaye hata kusaini fomu ya likizo ya mtu siruhusiwi, ndo nilikuwa naamua nani aone mauzo ya nani, kwa faili la Excel kwenye folda yenye jina la mwaka juzi.

Na ukishalikubali ni lako, maswali yanakuja kwa foleni. Meneja akihamishwa kutoka magharibi kwenda mashariki, namba za magharibi za mwaka jana, alizozipata yeye kwa jasho lake, aendelee kuziona au zinabaki na kiti? Mimi nilikuwa nambadilishia kanda tu kwenye jedwali, yaani siku ya kuhama historia yake yote inafutika mbele ya macho yake na anarithi historia ya mtu mwingine, mazuri na madeni. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Hakuna aliyeniambia nisifanye. Au anayekaimu wiki mbili, aone? Akimaliza kukaimu nani anakumbuka kumtoa? (Nilikuta wanne hawajatolewa.) Au mtu uliyemweka kwenye makundi mawili ukidhani la pili litambana zaidi, kumbe kwenye Power BI makundi yanajumlishwa, anaona vya kundi hili na vya lile pia, ulidhani umekaza na umelegeza.

Hizi PDF za kutumiana ndo usiseme. PDF ikishatoka haina sheria yoyote tena, inatembea na macho ya aliyeitoa.

## Ukitoa, unapata

Nikarudi kwenye asilimia 100. Dawa yake inajulikana, unatengeneza jedwali la pembeni lenye jumla za kampuni zilizokwisha kujumlishwa, kwa mwezi na kwa bidhaa, halina uhusiano na jedwali la kanda, kwa hiyo mkasi wa ile sheria hauligusi. Meneja anaona mistari yake tu lakini anagawanya kwa jumla ya kweli. Nikalijenga siku moja. Kaskazini ikasoma 31. Nikamwita mwenzangu wa meza ya pili aje aone.

Akaangalia, akachukua kalamu.

"Hii bidhaa wanauza kanda ngapi?"

"Mbili tu. Kaskazini na magharibi."

Akaandika jumla, akatoa ya kaskazini, akazungushia jibu. Ndo mauzo ya magharibi, mpaka senti ya mwisho.

Aisee.

Kwa hiyo nikificha jumla, nawadanganya. Nikiionyesha, nafungua kwa hesabu ya kutoa ya darasa la pili. Nikapunguza, nikasema jumla isiwe kwa bidhaa, iwe ya kampuni nzima kwa robo mwaka tu. Ukitoa yako unabaki na mkusanyiko wa wengine watatu, huwezi kuutenganisha. Lakini mameneja watatu wakikaa pamoja na simu zao, wa nne yuko uchi. Nikaanza kufikiria kukadiria namba, kupotosha kidogo namba ndogo, nilifika mbali kweli, nilikuwa na karatasi imejaa.

Na hapo ndo nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza. Tunaficha nini hasa?

Sikuwa najua. Niliambiwa "kila mtu aone yake tu", nikaitika, nikaenda kuandika fomula. Nikapanda juu kwa mkuu wa mauzo.

"Bosi, samahani kukurudisha nyuma. Ile amri ya kila kanda ione yake tu, ilitokana na nini?"

"Punguzo," akasema bila hata kuinua kichwa. "Wakijua mwenzao amempa mteja mkubwa punguzo kiasi gani, kesho wateja wao wote wanataka hilo hilo."

"Na mauzo?"

Hapo akaniangalia. "Mauzo? Mauzo si tunayasoma kwa sauti kila Jumatatu?"

Nilishuka ngazi polepole. Siri yote ilikuwa kolamu moja. Kolamu ya punguzo kwenye jedwali la ankara. Na mimi kwa mwaka na zaidi nilikuwa nafunga kampuni nzima kwa sababu ya kolamu moja, na kwa kufunga kile kisichokuwa siri nikawageuza mameneja wanne kuwa wafalme wa kampuni nne zisizokuwepo.

Sijilaumu sana kwa fomula. Najilaumu kwa kuitika haraka, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuijaribu.

## Ilivyo sasa hivi

Jedwali la ankara, lenye wateja na punguzo, bado limefungwa kwa kanda, na kwa ukali kuliko mwanzo. Jumla za mauzo kwa kanda ziko wazi kwa wote. Kwenye zile jumla punguzo halipo kabisa, hata la kampuni nzima, nimeshajua kalamu inafanya nini. Yule jamaa wa rangi nimemrudisha kuwa mtazamaji na amenuna. Jedwali la kolamu mbili sasa lina kolamu tano, kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa ajili ya wanaokaimu, na jina la aliyeidhinisha, na hilo jina siyo langu. Hiyo kolamu ya mwisho ilichukua muda mrefu kuliko zote, vikao vitatu, kwa sababu kila mtu anataka kuona orodha na hakuna anayetaka jina lake liwe pembeni yake.

Nimejitengenezea pia akaunti ya pili isiyo na ruhusa yoyote zaidi ya kutazama, na ndiyo ninayofungulia ripoti asubuhi. Wiki moja naiweka kaskazini, wiki nyingine kusini. Ile grafu niliyokuwa naipenda, nikiwa mtazamaji nimeona kwamba haisomeki kabisa, nimeitoa.

Juu ya kila ukurasa kuna sentensi inayobadilika kulingana na aliyelogini: unaona ankara za kanda fulani tu, jumla za kampuni ni za kanda zote. Meneja wa kusini aliniambia kwamba anaisoma kila mara, sijui kama alikuwa ananitania.

Kilichobaki ni ukurasa mweupe. Asiyekuwepo kwenye orodha sasa anakutana na maneno badala ya utupu, nimeandika: "Jina lako halijapatikana kwenye orodha ya ruhusa. Ni suala la orodha, hujaondolewa kazini. Tupigie." Nilimwonyesha yule dada kwanza kabla ya mtu yeyote, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini, akasema iache hivyo hivyo.

Utumishi wameniandikia wanataka nitoe ile "hujaondolewa kazini". Wanasema kuna siku mtu atakutana nayo na atakuwa kweli ameondolewa.

Wana hoja. Sijaitoa bado.